Kofia ya Babu

Kaka Déogratias,

Huku Kalemie tuko wazima, na samaki ndagala ni wengi mpaka paka wanachagua. Ile sanamu ya Babu akiwa askari wa vita vya zamani, ndogo kama kidole, nimemaliza kuipaka rangi ya mafuta. Niliiacha mezani ikauke. Mama, ambaye tangu augue hakumbuki majina yetu, akaichukua, rangi ikamshika vidole.

“Gracieuse,” akasema, “Papa hakuvaa kofia nyeusi. Ilikuwa nyekundu.”

Nilicheka huku nalia. Nikamupa brashi, kofia akaipaka mwenyewe, na pua ya Babu pia. Kisha akauliza, “Déo iko wapi?”

Teremka kutoka Pepa wiki hii, kaka, umujibu mwenyewe.

Mudogo wako,
Gracieuse