Wingu Nililodhani ni Mvua

Koku mjukuu wangu,

Hapa Izimbya tu wazima. Mama yako anaanika kahawa, mimi goti linaniruhusu kutembea.

Unasema simu ilikupa taarifa kwamba nyota imelipuka mbali huko, ukadhani ni hitilafu, ukaizima. Mionzi ya gamma ya mlipuko huo ikapita kwa sekunde chache, ukaikosa, na sasa unaniuliza kama uache utafiti wa nyota.

Mwaka nilioolewa, ilinipasa kumpelekea babu yako senene, wale panzi watamu, kama kila bibi harusi wa kwetu. Siku nyingi nilishinda nikitazama juu, nikisubiri kundi lao lishuke. Asubuhi moja wingu likatanda, nikadhani mvua, nikakimbilia kuingiza kahawa ndani. Nilipotoka, majirani walikuwa wanafunga magunia ya senene; wingu lilikuwa ni wao. Nililia. Kisha nikainama shambani, nikawatafuta waliobaki kwenye majani ya migomba hadi jioni. Nikapata bakuli moja. Babu yako aliwala wote, kesho yake akaniletea kitenge cha shukrani.

Wewe mwenyewe uliniambia mlipuko huacha mwanga hafifu unaodumu siku kadhaa. Ndiyo maana nimemwambia mama yako aipige picha barua hii akutumie sasa hivi.

Bado unasoma? Inuka, geuza darubini.

Bibi yako