Shati Yako ya Siku ya Shukrani

Ndosho, Goma

Kwa kaka yangu mukubwa, mupendwa Benny,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, na tena nakusalimia kwa jina la Mama. Yaya, uko muzima? Nauliza kweli, siulizi kwa desturi. Umekula? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kilipoa? Sisi hapa tuko, tunapumua, nyumba inasimama, na majirani wanatusumbua kama kawaida yao.

Toka siku ulipopanda boti kule Kituku kwenda Minova kutafuta maharagi, hatujui uko wapi. Nikipiga namba yako haiingii. Tulisikia tu kwamba masasi ya bunduki yalilia njia ile na watu walikimbilia mulimani. Sasa barua hii nampatia Mama Julienne, yule muuzaji wa samaki wadogo wa sambaza. Yeye anavuka tena kesho, na ameniahidi ataulizia jina lako kila fasi boti itakapotia nanga. Ndiyo sababu naandika kwa karatasi kama watu wa zamani. Usinicheke.

Yaya, kuna jambo hapa linalonikosesha usingizi. Dimanshi inayokuja ni siku ya shukrani. Si misa ya kawaida ya kila Dimanshi, hapana, ni Ndosho nzima! Ilianzia katika shirika yetu, kikundi chetu cha sala, Papa Paulin mwenye kukiongoza akaisimamia, kisha Waprotestanti wakasema nao wamo, kisha shefu wa kartye, anayeongoza mutaa, akatangaza kwamba hakuna mutu wa kufungua butike mbele ya saa sita. Watu watakusanyika kwenye kiwanja cha mupira kumushukuru Mungu. Kila jamaa iliyopata tena mutu wake itapita mbele ikicheza, wote katika kitenge kimoja, na maharagi, na miwa, na kuku mukononi. Halafu mumoja wao atashika mikro na kushuhudia. Na jamaa ya kwanza kupita ni sisi.

Mama amenunua kitenge cha kijani chenye ndege wadogo-wadogo. Ameshonesha rinda lake, ameshonesha langu, na wewe amekushonesha shati. Papa Paulin, unamujua na vile anavyopenda kazi yake ya ufundi wa kushona, hakuwa na vipimo vyako, basi alimusimamisha Luc wa jirani akampima yeye. Shati inaning'inia kwa musumari juu ya kitanda chako. Kila asubui Mama anaikung'uta vumbi. Mimi napita pale nikiangalia chini.

Nilijaribu kumuzuia. Nilimwambia tungoje kwanza ufike, ndio tushukuru. Weee! Alinijibu kwamba Mungu si muchuuzi wa soko, hadi alete kitu ndio aambiwe aksanti. Unamujua Mama, akisha kusema vile, neno limeisha.

Juma hii alifika mama mumoja kutoka Mugunga, kwa miguu, jina lake Nyiramahirwe. Binti yake alipotea siku zilezile. Alikuwa amesikia habari zetu, akanishika mikono, eti mimi niko na bahati. Akaniuliza sauti yako kwa simu ilikuwa namna gani. Nilimwambia ilikuwa na upepo ndani, sauti ya mutu aliyesimama karibu na ziwa. Akalia, akacheka, akasema basi hata binti yake anaweza kuwa fasi fulani, amekosa simu tu. Akatoka akaenda kununua kitenge.

Wewe mwenyewe unajua kwamba haukupiga simu. Ni mimi niliyesema ulipiga. Mama alikuwa ameacha kula. Bugali nilikuwa naipeleka ya moto, naiondoa ya baridi, haijaguswa. Nilimuona anaisha mbele ya macho yangu, nikaogopa kwamba nitabaki peke yangu katika nyumba hii. Siku moja nikaingia nikipiga kelele kwamba Benny amepiga, kwa simu ya mupita njia, rezo ikakatika. Akaniuliza ulisema nini. Nikamujibu: amesema yuko muzima, na Mama akule. Alinawa mikono palepale, akala. Nilifikiri mambo yameishia katika sahani. Kumbe! Alipomaliza alijifunga kitambaa, akaenda moja kwa moja kwa Papa Paulin kuomba shukrani itolewe, na wengine waliopata watu wao wakasema hata wao, na siku nzima ikazaliwa hapo.

Mwenye kushika mikro ni mimi. Wanataka niseme maneno yako mbele ya wote. Nikiyasema, nimedanganya Mungu katika siku yake mwenyewe. Nikisema ukweli, Mama ataanguka pale na rinda lake mupya, na yule mama wa Mugunga vilevile. Naogopa, Yaya.

Sikuombi urudi mbio, njia ni mubaya. Ila kama uko, kama karatasi hii iko mukononi mwako wewe na si mwa mutu mwingine, azima simu ya mutu yeyote, umupigie Mama, useme maneno yale: niko muzima, na Mama akule. Usiongeze, usipunguze. Hapo Dimanshi nitakuwa nimesema kweli, ni wewe tu uliyechelewa.

Papa Paulin anakusalimia. Luc anakusalimia, anasema usikawie kuja kuvaa ile shati, maana alipojaribishwa ameanza kuizoea. Mama anakusalimia sana sana. Hajui naandika nini. Ameketi pale mulangoni na sahani magotini, na ameniambia nikuandikie kwamba amekutii, anakula.

Mudogo wako,
Rosine