Majani ya Mpapai wa Uani

Kaunia, Barishal,
9 Oktoba 2023.

Mpendwa mdogo wangu Shafiul,

Salamu za upendo zikufikie huko Doha. Joto limepungua? Kile kifua kimepona? Mimi na shemeji yako hatujambo, alhamdulillahi.

Barua hii nampa jirani yetu Rafiq, anayerudi kazini huko, maana kwenye simu Mama husikia kila neno. Isome ukiwa umekaa.

Chembe za kugandisha damu za Mama ziliposhuka, sote tulisema ni homa ya dengi. Mwaka huu nani hajaugua dengi? Nikamtwangia majani ya mpapai wa uani, nikakamua maji yake, akayanywa huku amekunja uso. "We Morsheda, mwisho nitalia mee kama mbuzi!" Kipimo cha pili kikaonyesha zimepanda. Ulitusikia mwenyewe tulivyoshangilia. Tukagawa vitamu vya rosogolla mtaa mzima.

Furaha ile ilikuwa ya bure. Daktari wa maabara hakuridhika, kwa sababu fizi za Mama zilikuwa bado zinatoka damu. Akaipaka damu kwenye kioo, akaitazama kwa hadubini. Chembe zenyewe zilikuwa haba kabisa. Mashine ilikuwa imehesabu vipande vya seli zilizovunjika, seli za ugonjwa, ikadhani ndizo. Wakamtoboa mfupa wa nyonga, wakachukua uboho. Ni saratani ya damu, Shafiul. Kwa umri wake na moyo ule dhaifu, daktari anasema dawa kali zitamuua kabla ya ugonjwa. Nililia pale pale kwenye benchi, mbele za watu.

Mama hajui. Anaamini ni majani yaliyompandishia chembe, na kila asubuhi anadai: "Mletee mbuzi wako chakula! Nataka Shafi anikute nimesimama." Nashindwa kumwambia. Natwanga tu, na mpapai unakaribia kubaki fito tupu.

Usitume dawa yoyote, na kwenye simu usiulize tena chembe zimefika ngapi. Omba ruhusa uje. Usingoje Idi.

Shemeji yako na Shangazi Ambia wanakusalimu. Mungu akufikishe salama, naye amwondolee Mama maumivu, maana mengine sijui tena namna ya kuyaomba.

Mama anajua nakuandikia, ila hajui naandika nini. Amesema nikwambie anapona.

Dada yako akupendaye,
Morsheda