Wasichana Waliogombania Kitana

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu zetu za hapa Fordsburg zikufikie huko Tanga. Mke wa mjomba wako kajifungua salama, na wanawe wakubwa bado wananijibu Kizulu tu.

Umeniuliza kwa ajili ya insha yako: kuhusu vijana walionusurika katika kambi za mateso za Vita vya Pili vya Dunia, tuamini kitabu au filamu?

Ujanani nilifanya kazi Randburg kwa bi kizee wa Kiyahudi aliyefungwa kambini akiwa kigoli. Siku moja tulitazama filamu ya binti wa kambini. Mama na bintiye walipotenganishwa, bi kizee alilia.

"Ilikuwa hivi hivi," akasema. "Lakini mbona huyu binti hacheki hata mara moja?"

Akachukua kitabu cha mwanamke aliyepitia huko, akanisomea. Wasichana wawili wanagombania kitana, kumbe wote wamenyolewa vipara! Wanacheka mpaka wanaanguka. Bi kizee naye akacheka, akashindwa kuendelea. Tangu nianze kazi nilikuwa nikimwonea huruma tu. Siku hiyo nilimwona alivyokuwa alipokuwa msichana.

Basi Rehema, katika insha yako filamu usiidharau. Ila uwaachie wasichana wale nafasi ya kucheka.

Nakuombea dua kila siku,
Bibi yako Mwanaidi