Unga Uliopokewa Nkowe

Nkowe, Ruangwa, 2003

Dada Somoe,

Shikamoo, wewe na huyo aliye tumboni. Huku mikorosho inachanua na asubuhi kuna ukungu mzito. Jana nilipanda na Mjomba kwenye jiwe la maombi, lile wageni wa mjini wanalokuja kulipiga picha. Zamani watu walimwaga unga chini. Siku hizi wanauacha humohumo kwenye mfuko wa plastiki. Kesho yake mfuko usipokuwepo, wanasema mizimu imepokea. Ndivyo Mjomba alivyotuambia ulipoleta wako kuomba mtoto, tukapiga vigelegele.

Nyuma ya jiwe nilisikia kitu kinachakacha. Alikuwa paa, kafa siku nyingi, kabaki ngozi na mbavu. Ndani ya mbavu mifuko ilikuwa ikijaa upepo na kunywea, utadhani bado anapumua. Mmoja umefungwa kwa uzi mwekundu wa cherehani yako, na fundo halijafunguka.

Mjomba akanishika mkono. "Twende. Usiguse."

Leo nimerudi peke yangu. Nimemwaga unga kwa kiganja, nikamwombea paa kwanza, ndipo nikakuombea wewe. Ujifungue salama, dada yangu.

Mdogo wako,
Zuhura