Picha Yako Ukutani mwa Duka

Dukani kwa Mama,
Kona ya kiwanja kitupu.
Jumapili, tarehe 9 Mei.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu? Shemeji na watoto hawajambo? Yule mdogo ameshaanza kutembea, au bado anatambaa na kutia mdomoni kila anachokiokota? Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima, ila macho yamepungua nguvu. Siku hizi namtungia uzi kwenye sindano, naye hulaumu sindano za sasa kwamba zina matundu ya kichoyo.

Duka ni lilelile uliloliacha. Kabati la droo ndogondogo lipo, na kila droo ina kifungo kimoja kilichogundishwa mbele kuonyesha kilichomo ndani. Ile ya vifungo vya pembe bado inakwama mpaka uipige kiganja upande wa kushoto. Jana alikuja mzee mmoja mwenye koti kuukuu, anatafuta kifungo kimoja. Kimoja tu, Dada. Nilikipata droo ya tatu kutoka chini nikamshonea palepale, koti likiwa mwilini.

Sasa nikupe habari iliyonifanya nishike kalamu. Kile kiwanja kitupu kando yetu, watoto wanapochezea mpira, kimepata mwenyewe. Kampuni moja inataka kujenga hapo duka kubwa la ghorofa mbili, la kuuza kila kitu kuanzia mikate hadi magodoro. Malori ya mizigo yatapita kwenye uchochoro wetu, huo huo ambao asubuhi hujaa watoto wa shule. Mwokaji mikate anasema akifunga tanuri lake hataliwasha tena. Waliopanga vyumba vya nyuma wanaogopa kodi itapanda na wao watashuka.

Bwana aliyetumwa na kampuni tumembatiza Bwana Tai, maana hata kwenye jua la saa nane tai haimtoki shingoni. Alitukusanya kwenye ukumbi wa shule, akaahidi kazi kwa vijana. Jirani yetu fundi cherehani, unamjua alivyo, akasimama.

"Kazi gani, mwanangu? Ya kusukuma vigari vya wenzetu?"

"Kazi ni kazi, mama."

"Basi anza wewe kusukuma, sisi tukushikie tai isije ikanasa kwenye magurudumu."

Ukumbi mzima ulicheka, hata yeye mwenyewe. Lakini kicheko hakizuii lori.

Pingamizi la wakazi nimeliandika mimi, kurasa nne. Nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya halmashauri kusoma ramani, nikasimama uchochoroni asubuhi tatu kuhesabu watoto wanaopita. Karani alinieleza jambo moja: wanaopakana na kiwanja wasipotia saini wote, pingamizi halisomwi. Wanaopakana ni watatu. Mwokaji ametia saini. Fundi cherehani ametia saini, na kalamu karibu itoboe karatasi. Wa tatu ni Mama. Mwisho ni tarehe 28.

Mama hataki kutia saini, na sababu ni wewe.

Unaikumbuka picha uliyotuma mwaka wako wa kwanza huko? Umevaa koti jekundu, umeshika kigari kilichojaa hadi juu, nyuma yako rafu zinakwenda mpaka macho yanachoka. Mama aliiwekea fremu, akaitundika juu ya kabati la vifungo. Mwezi uliopita Bwana Tai aliingia kununua kifungo cha shati, akainua macho.

"Mama, huyu nani?"

"Binti yangu mkubwa."

"Basi duka kama hilo ndilo tunalokuletea mlangoni."

Tangu siku hiyo kila ninapoweka karatasi mbele yake, ananijibu kwamba hawezi kuwanyima watu raha ambayo mwanawe anaipata kila siku. Nilimsomea kurasa zote nne. Alisikiliza mpaka mwisho, akanisifu mwandiko. Kisha akasema, "Lakini wewe, mwanangu, umefika wapi? Dada yako amefika."

Dada, kikulacho ki nguoni mwako, na changu ni hiki: nakuonea wivu. Nimekuonea wivu miaka saba. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza darasani, nikamaliza chuo, nikarudi kwenye kaunta hii kwa sababu mmoja wetu ilibidi abaki. Najua kila droo kwa kupapasa. Lakini mteja akiingia huniuliza, "Wewe ndiye mdogo wake yule wa kwenye picha?" Yule. Wewe husemi neno ukutani hapo, na bado unanishinda kwa hoja.

Na mimi peke yangu ndiye ninayejua. Uliniandikia mwenyewe, ukaniomba nisimwambie Mama: siku ile ulikuwa umekwenda kuomba kazi ya kufagia wakakukatalia. Kigari kilikuwa cha mama mmoja aliyekuwa akichagua sabuni. Ulikishika kwa muda wa picha tu, ukakirudisha, ukatoka mikono mitupu.

Ningeweza kusema. Pale ukumbini, Mama aliposimama kuwasimulia watu jinsi unavyoishi, nilinyanyuka, neno likiwa limeshafika kwenye meno yangu. Sitakudanganya kwamba nilinyamaza kwa wema. Nilitaka kulisema, na nilitaka likuume. Ila nilimtazama Mama, ametengeneza mtandio wake kama anayepigwa picha yeye, nikaketi.

Siku mbili baadaye nikafanya jambo la kitoto. Nilifika dukani mapema, nikaishusha picha, nikaificha kwenye droo ya zipu. Mama aliingia. Aliutazama ule mraba mweupe ukutani, akaanza kufungua droo, moja baada ya nyingine, akipapasa ndani kwa vidole kwa sababu haoni vizuri. Hakuwa akitafuta duka kubwa, Dada. Alikuwa akikutafuta wewe. Nilimwambia msumari umelegea, nikairudisha kwa mkono wangu.

Ningekupigia simu, lakini simu ya nyumbani ni yake na husikiliza nami sikio kwa sikio. Ndiyo maana nakuandikia. Ukishasoma, mpigie. Mweleze ukweli wa kigari kile wewe mwenyewe, kwa maneno yako. Ukitoka kinywani mwangu utakuwa umbeya wa mdogo mtu. Na kama huwezi, sitakulazimisha. Mwambie tu atie saini. Atatia kwa neno lako moja, baada ya kuzikataa kurasa zangu nne. Jambo hilo litaniuma, nami nimekubali liniume. Afadhali ushinde wewe kuliko lishinde lori.

Ndani ya bahasha hii nimekutilia picha. Fundi cherehani ndiye aliyeipiga, na kidole chake kimeingia kidogo pembeni, lakini mimi naonekana vizuri: nimesimama mbele ya kabati, namshonea yule mzee kifungo cha koti lake. Nakuomba usiiweke ndani ya kitabu. Ibandike ukutani kwako, mahali wageni wanapoiona. Mtu akikuuliza, "Huyu nani?", usimjibu kwa neno moja. Mweleze kuanzia droo ya kwanza.

Msalimie Shemeji, umwambie mikanda aliyoiagiza ipo. Wabusu wanao, mkubwa kwanza maana najua huwa anarukwa. Fundi cherehani anakusalimu, na mwokaji pia. Mama atakusalimu mwenyewe utakapompigia.

Mungu akupe afya, akufungulie milango ya huko, na asiufunge huu wa kwetu.

Mimi wako akupendaye, na wivu wangu wote,

Mdogo wako.