Dawa ya Kuku Katika Uji wa Mwali

Mbagala, Aprili 1955

Wifi Margareta,

Huku sie wazima. Salamu sikuletei, utaniwia radhi. Mvua imenyesha, mihogo imeshika, mbuzi wako kazaa pacha.

Ulipokuja kumfunda mwanangu Rosalia, ulisema mwembamba mno, atatutia aibu siku ya harusi. Ukamkorogea uji asubuhi na jioni, nami nikakushukuru. Jana nimekuta mkebe wa unga wa dawa uvunguni mwa kitanda ulicholalia. Nimemuuliza mumeo Gregori, kakiri kautoa kwa bwana wake Mzungu, mfuga kuku wa huko Chanika. Ni ile dawa ya kuua vijidudu wanayopewa wagonjwa hospitali, na kuku nao huchanganyiwa kwenye pumba wanenepe upesi. Mwanangu kuku, Margareta?

Labda ni dawa, labda ni uji wenyewe, lakini kanenepa kweli: mashavu, mikono, na tumbo kuliko vyote. Juzi mama mkwe wake mtarajiwa alikuja kumtazama, akampapasa tumbo, akainuka bila kuonja chakula. Leo wameleta neno: kijana wao haoi mwali mwenye mimba.

Nimeapa hana mimba, hawanisadiki. Jumapili njoo. Mkebe nimekuwekea. Utasimama mbele ya wakwe uwaambie wewe, kungwi mkubwa, ulikuwa unamlisha nini bibi harusi.

Mke wa kaka yako,
Felicitas